Mbunge anasema jina la marehemu baba limo kwenye orodha ya wastaafu wa jeshi. Je, tumwachie yeye?

*"Mimi ni binti mkubwa katika familia yetu, naandika kutoka Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Baba aliingia NRA, jeshi la taifa la wakati huo, mwaka 1987, akatolewa 1994 wakati jeshi lilipopunguzwa, akafariki 2019. Alichowahi kupata ni mabati na pesa kidogo alizopewa alipotoka. Baba mdogo alikuwa msituni na waasi wa UNRF II mpaka walipotoka. Mwezi uliopita mbunge wetu aliitisha mkutano akatueleza kazi alizowafanyia wastaafu wa jeshi: amewasemea bungeni, amepeleka orodha Mbuya, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi, na majina ya baba na baba mdogo yamo. Baada ya mkutano kijana wa ofisi yake akaanza kukusanya vyeti halisi pamoja na shilingi elfu hamsini kwa kila jalada, eti za usafiri wa kufuatilia. Wajomba wanasema tutoe, kwa sababu bila mbunge hakuna anayelipwa. Mama anasita. Je, mbunge ana uwezo wa kufanya pesa hizi zilipwe? Tutajuaje kama kazi anayoisema ameifanya kweli? Na mimi, kwa kuwa ni binti, naweza kushika mambo ya marehemu baba au lazima awe mwanamume wa ukoo?"*

Dada yangu, pole kwa kungoja muda mrefu hivyo. Kabla ya yote, mwambie mama kwamba ana haki ya kusita. Vyeti halisi visitoke nyumbani. Kama vimeshatoka, nenda leo hii ukavichukue, na uende na mwenyekiti wa LC wa kwanza, yaani wa baraza la kijiji, ili awepo shahidi. Nakala zinatosha kwa hatua yoyote ambayo ofisi ya mbunge inaweza kuifanya. Cheti halisi huoneshwa mhakiki wa wizara ana kwa ana, naye akishakilinganisha na nakala anakurudishia palepale. Nimeona familia zilizobaki na hadithi tu ya utumishi wa marehemu kwa sababu bahasha moja ilipotea kati ya wilaya na Kampala, na kutafuta upya karatasi iliyotolewa miaka thelathini iliyopita ni kazi inayochosha hata wanasheria.

Sasa nikujibu kwa utaratibu, maana swali lako limebeba mambo matatu yaliyofungwa pamoja: uwezo wa mbunge, haki ya baba, na nani asimame mahali pa marehemu. Wajomba wameyachanganya, na huo mchanganyiko ndio unaompa kijana wa ofisi nafasi ya kuomba pesa.

Mbunge wa Uganda hana mfuko wa kumlipa mstaafu hata mmoja. Hawezi kuagiza wizara imlipe fulani, hawezi kuingiza jina kwenye orodha ya malipo, hawezi kuamua mtu alitoka na cheo gani. Ibara ya 93 ya Katiba inalizuia Bunge kushughulikia muswada au hoja ya kutoza gharama kwenye Hazina Kuu, isipokuwa imeletwa kwa niaba ya serikali. Maana yake mbunge wenu hawezi kusimama peke yake na hoja kwamba wastaafu wa Koboko walipwe kiasi fulani, kura zikapigwa, pesa zikatoka.

Hiyo haina maana kwamba hana kazi. Kazi yake ni kubwa, na huu ndio upande ambao wananchi wengi hawauoni. Kila mwaka wizara zote huleta bungeni taarifa za sera zao kufikia tarehe 15 Machi. Hapo Kamati ya Ulinzi na Mambo ya Ndani huketi na Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Wastaafu wa Jeshi, na kuuliza fungu la pensheni na kiinua mgongo ni kiasi gani, madeni ya nyuma yamebaki kiasi gani, wangapi wamehakikiwa na hawajalipwa. Bajeti yote lazima iwe imepitishwa kufikia tarehe 31 Mei, na mwaka wa fedha unaanza Julai Mosi. Mbunge anayewajali wastaafu hufanya kazi yake kati ya Machi na Mei, kwenye vyumba vya kamati ambako hakuna vipaza sauti wala vumbi la uwanja wa mkutano. Hata kama si mwanakamati, anaruhusiwa kuingia na kuomba nafasi ya kusema. Nje ya msimu wa bajeti anaweza kumuuliza waziri swali rasmi, kuliinua jambo kama suala la dharura mwanzoni mwa kikao, kumbana Waziri Mkuu katika kipindi chake cha maswali, au kuwasilisha maombi ya wananchi yenye sahihi na alama za vidole, yapelekwe kwenye kamati ichunguze na kutoa ripoti.

Kwa hiyo sauti ya mbunge hufanya fungu liwepo na liwe kubwa. Kutoka kwenye fungu mpaka kwenye akaunti ya mama yako ni safari nyingine, na hiyo huendeshwa na jalada.

Safari yenyewe huenda hivi. Wizara inamhakiki mdai: ni nani, aliingia lini, alitoka lini na kwa njia gani, cheo chake cha mwisho. Jalada linapigiwa hesabu, hesabu inakaguliwa, jina linaingizwa kwenye mfumo wa malipo. Wizara ya Fedha hutoa pesa kwa robo mwaka, na Katibu Mkuu wa Wizara ya Ulinzi, ambaye ndiye mwenye dhamana ya fedha hizo kisheria, anaidhinisha. Pesa huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya mlengwa au ya msimamizi wa mirathi. Hakuna hatua ambayo mtu huletewa pesa mkononi, na hakuna hatua inayohitaji shilingi elfu hamsini. Tena Katiba, ibara ya 254, inasema pensheni haitozwi kodi na inapaswa kulipwa kwa wakati, mfululizo, na kwa namna inayomfikia mstaafu bila taabu. Ukisikia mtu anadai "kodi kidogo" ili pensheni itoke, ujue umeshapata jibu kuhusu mtu huyo.

Jalada hukwama wapi? Mara nyingi ni kwenye jina na kwenye namba ya jeshi. Askari wengi wa miaka ya 1980 waliandikishwa kwa jina moja, wakajulikana kambini kwa jingine, na walipokuja kuandikishwa NIRA, mamlaka ya usajili wa watu, kwa ajili ya kitambulisho cha taifa wakatoa jina la tatu, la dini au la ukoo. Mashine haijui kwamba hao ni mtu mmoja. Chukua cheti cha baba cha kutoka jeshini ukiweke mezani kwenye mwanga. Tazama namba yake, ile inayoanza na RA kwa askari wa kawaida. Karatasi iliyokunjwa miaka thelathini huchanika palepale kwenye mkunjo, na mara nyingi mkunjo umepita juu ya namba. Tatu husomwa nane, moja husomwa saba, na karani anayetafuta namba isiyokuwepo hukwambia baba yenu hakuwahi kuwa askari. Iandike namba hiyo kwa mkono wako kwenye karatasi safi, uilinganishe na kitu kingine chochote chenye namba: kadi ya zamani ya kambi, barua ya likizo, hati ya uhamisho, karatasi ya hospitali ya jeshi. Kisha linganisha tahajia ya jina kwenye cheti, kwenye cheti cha kifo na kwenye rekodi ya NIRA, herufi kwa herufi. Palipo na tofauti, wakili au kamishna wa viapo huandaa kiapo kinachoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na kinaambatanishwa kwenye jalada. Hiyo ndiyo kazi ambayo mbunge hawezi kuwafanyia.

Umeniandikia kwamba majina ya baba na baba mdogo yote yamo kwenye orodha. Hapa nataka usome taratibu, kwa sababu madai ya ndugu hawa wawili hayafanani hata kidogo, na ukinitajia orodha moja yenye wote wawili swali langu la kwanza ni: orodha ya nini?

Baba alikuwa askari wa jeshi la taifa na alitolewa katika mpango wa kupunguza jeshi ulioanza 1992 chini ya Bodi ya Kuwasaidia Wastaafu wa Jeshi. Kwa awamu tatu mpaka 1995, askari wapatao 36,000 walirudishwa nyumbani. Mabati na pesa alizopewa baba ni kifurushi cha mpango huo, cha kumwezesha askari kuanza maisha ya kiraia. Watu wengi husema aliyepokea mabati ameshamalizana na serikali. Wengine husema kila aliyepokea mabati anadai mamilioni. Usimsikilize yeyote kati yao. Kifurushi cha kurudi nyumbani na kiinua mgongo cha miaka ya utumishi ni vitu viwili, na cha pili hupimwa kwa jalada lake mwenyewe: miaka aliyotumikia, cheo, namna alivyotoka, na kama kuna chochote kilichokwisha kulipwa. Swali la kumpelekea mhakiki ni fupi tu: "Jalada la RA namba hii lipo? Linaonesha amelipwa nini, na kimebaki nini?" Mwombe ajibu kwa maandishi.

Baba mdogo ni habari nyingine. UNRF II walisaini mkataba wa amani na serikali huko Yumbe tarehe 24 Desemba 2002. Baadhi ya wapiganaji waliingizwa UPDF, yaani jeshi la taifa la sasa, wengine walirudi vijijini na vyeti vya msamaha chini ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000. Kama baba mdogo aliingia UPDF baada ya hapo, basi ana namba ya jeshi, na utumishi wake wa tangu siku hiyo unafuata njia ileile ya pensheni. Kama alirudi nyumbani na cheti cha msamaha, Mbuya si mahali pake pa kuanzia, kwa maana wizara haimlipi pensheni mtu ambaye hakutumikia jeshi la taifa. Anachodai, ikiwa anadai, ni utekelezaji wa ahadi zilizomo kwenye mkataba. Na ahadi ya mkataba haina karani wala fomu: ni jambo la kisiasa, linahitaji serikali ikumbushwe, iulizwe, itenge fungu.

Unaona basi? Kwa baba yako mbunge ni msaidizi mzuri, lakini jalada linaweza kwenda bila yeye. Kwa baba mdogo, mbunge anakaribia kuwa njia pekee. Wajomba wamesema neno la kweli kuhusu ndugu mmoja wakalivisha ndugu wa pili.

Ndiyo maana orodha ina maana kubwa. Katika miaka ya karibuni kumekuwa na orodha za aina nyingi zinazopita mikononi mwa viongozi wa siasa. Kuna orodha za uhakiki wa kiinua mgongo. Kuna za Emyooga, mpango uliozinduliwa 2019, ambao umewapa wastaafu wa jeshi SACCO yao, yaani chama cha akiba na mikopo, katika kila jimbo la uchaguzi. Huo ni mkopo wa kurejeshwa. Kuna za mpango wa maendeleo wa parishi, unaopeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parishi, ambako mstaafu huingia kama mkazi mwingine yeyote. Na kuna za shukrani kwa raia waliosaidia vita vya msituni vya Luweero vilivyoiweka NRA madarakani. Mtu anaweza kuapa kwa moyo mweupe kwamba jina la baba limo, kumbe limo kwenye orodha ya mkopo. Marehemu hakopi. Muulize mbunge, kwa heshima na mbele ya watu: orodha imepelekwa kwa nani, tarehe ngapi, kwa barua yenye kumbukumbu namba ngapi, na imepokewa kwa muhuri wa nani?

Hayo yananileta kwenye swali lako la pili. Kazi ya mbunge huacha alama za maandishi, na alama hizo ni mali ya umma. Kila neno linalosemwa ukumbini huingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala, ambazo Bunge huziweka kwenye tovuti yake. Akisema alizungumza, kuna siku, na siku hiyo ina kurasa. Kijana yeyote wa familia mwenye simu anaweza kuzishusha na kutafuta jina la mbunge na jina la wilaya. Ni za Kiingereza, kwa hiyo mwombe mwalimu au mwanafunzi awasomee wazee kwa Kiswahili. Wastaafu wengi wa jeshi walitumikia kwa lugha hii maisha yao yote, na wanastahili kusikia kwa masikio yao kilichosemwa kwa niaba yao. Ripoti za kamati pia hupatikana. Barua aliyomwandikia waziri anaweza kukupa nakala papo hapo, na mbunge aliyefanya kazi hufurahi kuulizwa. Nimeona wengine wakifungua begi na kutoa jalada zima, lenye majibu ya wizara ndani yake.

Usimpime kwa malipo ya baba, maana hapo utamwonea. Mpime kwa maswali haya: ameuliza wizara ni wastaafu wangapi wa wilaya yetu wamehakikiwa? Amejibiwa nini? Fungu la kiinua mgongo lilipopunguzwa au kuongezwa, alisema nini kwenye kamati? Amewaletea wahakiki karibu, ili wazee wasilazimike kupanda basi usiku kucha mpaka Kampala? Hili la mwisho mbunge anaweza kulipigania na kulipata, nami naliona la thamani kuliko hotuba kumi. Mzee wa miaka sabini na mguu wenye risasi hapaswi kulala stendi ili athibitishe kwamba yu hai.

Na msimsahau mbunge mwanamke wa wilaya, ambaye naye ni mwakilishi wenu kwa haki ileile. Katiba pia inaliweka jeshi lenyewe bungeni, na kwa miaka mingi wawakilishi wake wamekuwa 10. Wanawakilisha taasisi, siyo jimbo, lakini nakala ya maombi ya wastaafu ikiwafikia na wao haidhuru kitu.

Sasa zile elfu hamsini. Usitoe. Inawezekana kabisa mbunge hajui kijana wake anafanya nini, kwa hiyo hatua ya kwanza si kumshtaki mtu. Mwombe kijana risiti yenye muhuri wa ofisi ya mbunge, inayosema pesa ni za nini. Asipoitoa, mwandikie mbunge barua fupi ya kumjulisha, ubaki na nakala. Pesa zikiendelea kukusanywa, peleka habari kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali, yaani IGG, au kwa kitengo cha Ikulu cha kupambana na rushwa. Kudai malipo kwa huduma ambayo ni wajibu wa ofisi ni kosa chini ya Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009, na wanaoumizwa zaidi ni wajane ambao hawana hata hiyo elfu hamsini.

Kuhusu wewe kuwa binti: sheria haimtafuti mwanamume. Sheria ya Urithi, hasa baada ya marekebisho ya 2022, haimbagui binti na mwana, na mjane ana nafasi ya mbele kabisa. Mnachohitaji ni hati ya usimamizi wa mirathi, maana wizara haiwezi kulipa haki ya marehemu kwa mtu asiye na mamlaka ya mahakama. Mnaanza na cheti cha kifo kutoka NIRA. Kisha familia inakaa kikao, mnaandika muhtasari unaotaja wajane wote na watoto wote wa marehemu, hata wale wa nyumba nyingine, na mnamchagua msimamizi mmoja au wawili. LC wa kwanza anaandika barua ya kuwatambulisha. Mnaenda ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi ya serikali kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi, na hicho ndicho mnachokipeleka mahakamani kuomba hati. Mimi ningewashauri muombe wawili, mama na wewe. Mama ana haki, wewe una miguu na unasoma.

Msimwache mtu nje ya muhtasari kwa kudhani mnapunguza mgao. Mtoto aliyefichwa akitokea na pingamizi, mambo husimama, na wakati mwingine husimama kwa miaka. Jueni pia kwamba hati ikishatoka, msimamizi hudaiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi sita, na tangu marekebisho ya 2022 hati yenyewe ina ukomo wa muda. Kwa hiyo hakikisheni kwanza kwamba jalada la baba lipo, ndipo muombe hati. Familia nyingi huanza na mahakama, hutumia akiba yote, halafu zinaambiwa namba ya jeshi haionekani.

Mna njia gani basi? Ya kumngojea mbunge peke yake ni rahisi, lakini inawaacha bila habari. Ya kwenda wenyewe Mbuya, kwenye idara ya pensheni, ina nauli na usumbufu, ila mnatoka na jibu la jalada lenu. Ninayoipendelea ni ya katikati: andikeni barua ya kuuliza jalada, nakala moja kwa ofisi ya mbunge, nyingine kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, na mumwombe mbunge aisindikize kwa barua yake mwenyewe. Hapo mnamtumia kwa kile anachokiweza. Barua ikitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2005, ofisi ya umma inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Ulizeni pia kwenye kambi iliyo karibu au kwenye chama cha wastaafu cha wilaya kama kuna uhakiki unaokuja upande wenu kabla ya kulipa nauli.

Kwenda mahakamani kuishtaki serikali ni njia ambayo watu huitaja upesi kuliko inavyostahili. Madai ya mkataba dhidi ya serikali yana ukomo wa miaka 3, na malalamiko mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda yana ukomo wa miaka 5 tangu haki ilipovunjwa. Baba alitoka 1994. Kesi ya moja kwa moja kuhusu siku ile inaweza kufungwa na muda kabla haijasikilizwa. Lakini wizara ikiandika sasa kwamba inatambua deni na bado isilipe, au ikikataa jalada bila sababu, hilo ni tukio jipya, na hapo wakili anaweza kuwa na la kusema. Ndiyo maana nasisitiza majibu ya maandishi.

Kuna hali ambazo usingoje barua wala ushauri wa mbali, uende kwa wakili mkaonane uso kwa uso, au kwenye huduma ya msaada wa kisheria ya Chama cha Wanasheria kama hamna uwezo. Nenda kama majina ya baba yanatofautiana kwenye karatasi zaidi ya mbili. Nenda kama kuna mjane wa pili, au mtoto ambaye ukoo haumkubali. Nenda kama mtu mwingine ameshachukua hati ya mirathi kwa jina la baba bila ninyi kujua, maana hati hiyo inaweza kuombwa ifutwe, ila kila mwezi unaopita pesa zinaweza kuingia kwenye akaunti yake. Na nenda mara moja ukiambiwa Mbuya kwamba jalada linaonesha baba ameshalipwa. Omba uoneshwe lini, akaunti gani, na nani alisaini, uandike kila neno pamoja na jina na cheo cha aliyekuambia, kisha usitie sahihi karatasi yoyote mpaka wakili ameisoma.

Baba mdogo, kwa upande wake, atafute cheti chake cha msamaha. Kama kimepotea, aende Tume ya Msamaha akaulize rekodi yake angali na nguvu za kutembea, na akusanye wenzake waliotoka naye msituni. Maombi ya mtu mmoja kuhusu mkataba wa 2002 mbunge anaweza kuyaweka mfukoni, ila ya wazee mia wenye alama za vidole ni lazima ayaweke mezani kwa Spika.